Dakika 40 Hadi Kisumu

Ukichukua ramani ya Kenya na rula, uweke ncha moja Wilson, hapa Nairobi, na nyingine uwanja wa ndege wa Kisumu, mstari utapita juu ya Adams Arcade au karibu sana nayo. Nilijaribu mara tatu kwa sababu sikuamini. Nimeishi nyuma ya Adams tangu nizaliwe, upande wa Toi, na miaka hiyo yote nilidhani zile ndege ndogo zinazonguruma juu ya mabati zinaenda tu. Zinaenda mbugani, zinaenda pwani, zinaenda kwa watu wenye pesa. Sikujua kwamba nikisimama kwenye stegi ya Ngong Road nikatazama juu ya paa la arkedi, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo, naangalia kwetu.

Kwa mstari huo, Wilson hadi Kisumu ni kama kilomita 270. Ukianzia JKIA, ongeza kumi. Kwa barabara, kupitia Nakuru na Kericho, ni karibu 350. Ndege ya kisasa ya propela inaruka kama kilomita 500 kwa saa, kwa hivyo ukijumlisha kupanda na kushuka unapata dakika 40 hivi, na ratiba huandika 45 au 50 ili isionekane imechelewa. Basi huchukua saa saba au nane kama Mungu amependa na hakuna lori lililolala barabarani kule Salgaa.

Hizo ndizo namba. Nimezikariri kama mtu anavyokariri namba ya simu ya mtu asiyempigia tena.

Dani (ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu) alizaliwa mwaka wa nzige. Cheti hakuna. Nzige walivamia Kenya kuanzia 1928 hadi 1931, kwa hivyo alizaliwa mahali fulani hapo katikati, na hakujali sana ni lini. Alikulia Dunga, pale ufukweni kusini mwa mji wa Kisumu, kabla ya kuolewa Seme. Tulipokuwa tukienda shags Desemba alikuwa na hadithi moja niliyoipuuza miaka mingi. Alisema akiwa msichana mdogo aliona meli inashuka kutoka mawinguni, inakaa juu ya ziwa, halafu inafungua mlango na wazungu wanatoka na kofia zao. Yeye na wenzake walikimbia kutazama, askari akawafukuza, kesho yake wakarudi. Nikadhani ni hadithi za Simbi Nyaima na wenzake, zile za kutisha watoto wasicheze na maji.

Nilikuja kujua ni kweli 2020, tena kwa bahati mbaya, nikiwa sina la kufanya ila kusoma kwenye simu.

Historia yenyewe iko hivi. Miaka ya 1920 Waingereza walitaka kuunganisha Cairo na Cape Town kwa ndege. Shida ilikuwa ardhi. Ndege za wakati ule zilihitaji viwanja vingi njiani, na viwanja vilihitaji kufyekwa, kusawazishwa na kulindwa dhidi ya mchwa na mvua. Lakini kutoka Khartoum kuja kusini kulikuwa na mto Nile, na mwisho wa Nile kulikuwa na ziwa. Maji hayahitaji kufyekwa. Mwaka 1927 Kapteni mmoja, Gladstone, alijaribu safari za majaribio kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya majini iliyoitwa Pelican. Hazikudumu, ila wazo lilibaki. Kwa nini Kisumu, si Nairobi? Kisumu palikuwa na vitu viwili pamoja: maji mapana ya kutua, na reli.

Reli ilikuwa imefika huko tarehe 20 Desemba 1901. Nairobi ilikuwa imefika mwisho wa Mei 1899. Yaani kutoka hapa hadi ziwani walitumia miaka miwili na nusu, kushuka Bonde la Ufa, kupanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500, halafu kuteremka tena Fort Ternan na Muhoroni hadi majini. Mwisho wa reli ukaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji wa reli. Mwekee alama huyo Florence, tutakutana na mwingine.

Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya London hadi Mwanza. Januari 1932 ikaifikisha Cape Town. Haikuwa ndege moja. Ulibadilisha kama unavyobadilisha matatu: sehemu nyingine ya Ulaya ulivuka kwa treni, Cairo hadi Khartoum kwa ndege ya nchi kavu, Khartoum hadi Kisumu kwa ndege ya majini aina ya Short Calcutta, injini tatu na viti kama 15. Kisumu unashuka majini, unapanda ndege ya magurudumu, de Havilland Hercules, inakupeleka Nairobi na kuendelea kusini. Hercules ilienda kama kilomita 177 kwa saa. Gawanya 270 kwa hiyo, unapata saa moja na nusu. Hapo bado hujahesabu upepo wa Mau.

Sasa angalia mpangilio wa safari hiyo na umuulize mtu yeyote wa Nairobi mji gani ulikuwa mlango. Barua ya London ilitua Kisumu kwanza. Gavana akisubiri gazeti lake, lilikuwa limeshaguswa na mikono ya wapagazi wa Kisumu. Nairobi ilikuwa kituo kinachofuata.

Jambo hilo lilikaza zaidi 1937. Mwaka huo Imperial ilileta ndege kubwa za majini, zile za Short Empire za injini nne, kutoka Southampton hadi Durban bila kubadilisha. Tumbo lake lilikuwa kama mashua, abiria alilala hotelini usiku na kuruka mchana. Zilitua Khartoum, Port Bell, Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, na kuendelea chini pwani. Nairobi haikuwemo. Haina maji. Bwawa la Nairobi, pale chini ya Kibera, halitoshi hata kutua bata wa heshima. Kwa hivyo mtu wa Nairobi aliyetaka kwenda London kwa ndege alipaswa kwanza afike Kisumu, na aliyempeleka ni kampuni ndogo iliyoitwa Wilson Airways.

Hapo ndipo Florence wa pili anapoingia. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane Mwingereza aliyeishi Kenya. Mwaka 1929 alianzisha Wilson Airways kwa ndege moja aina ya Gipsy Moth, na rubani wake Tom Campbell Black, huyo huyo aliyemfundisha Beryl Markham kuruka na ambaye 1934, pamoja na C. W. A. Scott, alishinda mashindano ya London hadi Melbourne. Kampuni ilihamia kwenye uwanja wa Nairobi West, ikakua, ikabeba barua, wagonjwa, wawindaji, na abiria wa Kisumu. Vita vya 1939 vikaja, serikali ikachukua ndege zake na marubani wake, na kampuni ikafa. Mwaka 1962 uwanja wa Nairobi West ukapewa jina la Wilson. Kwa hivyo kilomita 270 zangu zina Florence kila upande: mmoja mwanzo wa mstari, mwingine mwisho. Wa Kisumu jina lake lilifutika, mji ukarudia jina lake. Wa Nairobi bado makanga analitaja kila siku Lang'ata Road bila kujua ni mtu.

Nikirudi kwa Dani. Mwaka 1937 alikuwa na umri wa kati ya miaka sita na tisa. Alichokiona Dunga kilikuwa hicho. Na kilikuwa kikija mara kwa mara, hadi wakati wa vita: Italia ilipofunga Mediterania 1940, ndege hizo ziliendelea kuruka kutoka Durban kupitia Kisumu, Khartoum na Cairo hadi Karachi, Singapore na Sydney. Hebu fikiria hilo. Kulikuwa na wakati ambapo barua ya mwanajeshi ilitoka Durban hadi Australia ikipitia mbele ya watoto wa Dunga wanaofua nguo.

Nakiri napenda sana habari za ndege hizo kuliko inavyostahili insha hii. Nitasimulia moja tu, kwa sababu inahusu muda wa safari na jinsi ulivyo wa kuandika tu. Machi 1939 ndege ya Empire iliyoitwa Corsair ilikuwa ikitoka Durban kurudi Uingereza. Ilipita njia ya kawaida, ikaondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba, safari ya saa chache tu. Kifaa cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu. Rubani akajikuta amepotea, mafuta yanaisha, akatua kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji. Hakuna aliyekufa. Lakini ndege iligonga jiwe na kutoboka, ikatengenezwa, ikajaribu kuruka, ikagonga tena. Mwishowe ilibidi wajenge bwawa ili mto upanuke na upate kina. Kijiji kizima kikaota kando ya kazi hiyo. Iliruka kutoka pale Januari 1940. Miezi kumi.

Baada ya vita mambo yaligeuka haraka. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali na ndege za magurudumu zenye nguvu. BOAC ilileta ndege za majini tena kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini sasa zilitua ziwa Naivasha, na abiria akapandishwa gari hadi Nairobi. Hata maji Nairobi ilikuwa imepata ya kwake. Tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ilianza kuruka kwa ndege za Dragon Rapide, mabawa mawili, kama kilomita 210 kwa saa. Kwa mwendo huo Nairobi hadi Kisumu ni saa moja na robo. Machi 1958 Embakasi ikafunguliwa, uwanja uliojengwa kwa sehemu kubwa na jasho la wafungwa wa Mau Mau, na kutoka siku hiyo ndege za Ulaya hazikuwa na sababu ya kulijua ziwa. Miaka hiyo hiyo ndipo mfanyabiashara Abdul Habib Adam alipojenga arkedi yetu hii kwenye Ngong Road, maduka chini ya paa moja, na wazee wa hapa hawachoki kukwambia ilikuwa ya kwanza Kenya.

Kisumu ikawa mwisho wa safari. Mtu wa huko akitaka kwenda popote duniani alianza kwa kuja Nairobi.

Na hapa nina jambo ambalo mahesabu yangu yalinishangaza nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 East African Airways ilinunua ndege za Fokker 27, propela mbili, kama kilomita 460 kwa saa. Kwa mwendo huo safari ya Kisumu ni dakika 35 hewani, ongeza chache za kupanda na kushuka. Unaona? Tangu kabla baba yangu hajazaliwa, muda wa ndege kati ya Nairobi na Kisumu haujapungua. East African Airways ikafa 1977, Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo, Fokker zikaondoka zikaja nyingine, jeti zikaja, kampuni ndogo zikaja na kuondoka. Mwaka 2011 Rais Kibaki alifungua upya uwanja wa Kisumu, njia ya kurukia ikiwa imerefushwa kupita kilomita tatu, na ukaitwa wa kimataifa. Bado ni dakika 40. Jeti ikiwa na mwendo mara mbili haipati nafasi ya kuutumia: ikimaliza kupanda juu ya Bonde la Ufa na Mau, inaanza kushuka. Wilson iko mita 1,687 juu ya bahari, ziwa liko 1,134. Safari yote ni mlima katikati ya vyumba viwili.

Basi kama muda haukubadilika kwa miaka 60, ni nini kilichobadilika? Kwetu, hakuna. Babu alifanya kazi ya reli. Alikuja Nairobi kwa treni na akarudishwa kwa gari la miraa lililogeuzwa la kubebea maiti, 1994, kabla sijazaliwa. Baba ni fundi seremala, yuko Ngong Road miaka 30, karakana yake inatazama njia ya ndege. Amesafiri kwenda Kisumu mara nyingi kuliko marubani wengine, na kila mara kwa basi la usiku. Dani aliona ndege ya London ikitua mbele ya nyumba yao akiwa na miaka saba, na hakuwahi kupanda ndege yoyote hadi alipokufa. Nilimwuliza mara moja kama angependa. Akasema, "Nipande niende wapi, na nyinyi ndio mnakuja?"

Alikufa Juni 2020.

Tarehe 6 Aprili mwaka huo serikali ilikuwa imefunga Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi. Nilikuwa mwaka wa pili, nimerudi nyumbani na begi moja nikidhani ni wiki mbili. Ndege za ndani zilikuwa zimesimamishwa. Kama hukuishi chini ya njia ya Wilson huwezi kujua kimya kile. Mara moja moja ilipita ndege ya mizigo, au ya madaktari, nasi tulitoka nje kuitazama kama kina Dani pale Dunga. Asubuhi nilisikia kunguru wa Toi wakitembea juu ya mabati. Wakitembea, si wakilia.

Shangazi alipiga simu Jumanne usiku. Mazishi yaliruhusiwa watu 15, na yafanyike haraka. Ili kupita kizuizi cha barabarani ulihitaji kibali, na kibali ulikipata kwa barua ya chifu na kusimama foleni. Baba alipata cha mtu mmoja. Aliondoka alfajiri na gari la jirani aliyekuwa na kibali cha kubeba mboga. Alifika usiku. Nilimsindikiza hadi stegi ya Adams, akanipa funguo za karakana, akasema nimwagilie mbao maji zisipasuke. Hiyo si kweli, mbao hazimwagiliwi maji. Nadhani alitaka kusema kitu tu.

Mazishi niliyatazama kwenye simu. Binamu alikuwa ameshika yake juu, mtandao wa Seme ukawa unakwama kila dakika mbili. Niliona jeneza likiwa juu ya meza, kisha picha ikaganda, ikarudi nikaona udongo. Kati ya picha hizo mbili sijui kilichotokea. Nilienda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya arkedi nikafungua ramani. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kujua niko mbali kiasi gani hasa. Kilomita 270, ilisema, dakika 40. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta habari za ndege za majini, na usiku ule nikaipata picha ya zamani ya Empire imekaa juu ya maji ya Kisumu, milango wazi, mashua ndogo kando yake. Nikamtumia baba. Akajibu asubuhi: "Hii ndio mama alikuwa anasema."

Marufuku ya Nairobi iliondolewa tarehe 7 Julai. Ndege za ndani zikarudi tarehe 15. Mimi chuoni sikurudi. Karo ya muhula ule ilienda kwa jeneza, chakula cha waombolezaji na deni la karakana, na muhula uliofuata kulikuwa na sababu nyingine, na baada ya hapo ukizoea kuandika makala za watu kwa pesa kidogo unaacha kuhesabu mihula. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nilikuwa nasoma uhasibu na sikuwa mzuri.

Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza 2023. Mteja mmoja wa Kisumu alitaka kijitabu cha kampuni yake kiandikwe, akasema atalipa tiketi ya kwenda. Ya kurudi nijipange. Tiketi ile moja ilikuwa kama nauli tano za basi. Nilichagua ya kutoka Wilson makusudi.

Nilipima kila kitu kwa simu, kama mjinga. Kutoka mlangoni kwetu hadi Wilson, kwa mstari, ni kama kilomita nne na nusu. Kwa boda, kupitia Mbagathi Way, dakika 25. Kuingia, kukaguliwa, kungoja: saa moja na dakika kumi, kwa sababu niliwahi kama mshamba. Magurudumu yaliacha lami saa tatu na dakika 41. Nilikuwa nimeomba kiti cha dirishani upande wa kulia. Ndege ilipinda, na kwa sekunde chache nikaona mabati ya Kibera, msitu, Ngong Road kama uzi, na paa refu ambalo naapa lilikuwa la Adams. Baba alikuwa ameniambia atasimama nje ya karakana. Kutoka pale juu huwezi kuona mtu. Baadaye aliniambia alipunga mkono kwa ndege tatu, kwa sababu hakujua yangu ni ipi.

Kisha Ngong kushoto. Nikakumbuka Juni 2012, Jumapili, helikopta ya polisi iliyotoka Wilson asubuhi ikielekea Ndhiwa, na waziri Saitoti na Ojode ndani yake. Ilianguka msituni Kibiku baada ya kama dakika kumi, wakafa wote sita. Nilikuwa na miaka 12, tulikuwa kanisani, habari ilifika kabla ya sadaka. Hilo nalo ni la mstari huu, au jirani yake. Nilifunga macho hadi tulipopita.

Bonde la Ufa lilifunguka ghafla, kahawia, halafu Mau ya kijani, mashamba ya chai yamechanwa kama nywele, halafu mhudumu akanipa soda, na kabla sijaimaliza ziwa likatokea. Magurudumu yaligusa saa nne na dakika 19. Dakika 38. Nilikuwa nimeandika hizo namba kwenye daftari kabla hata mlango haujafunguliwa, na jamaa wa kiti cha pili akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Kutoka uwanjani hadi Seme unafuata barabara ya Busia hadi Kisian, hapo unakata kushoto njia ya Bondo. Matatu ilingoja ijae. Ilijaa, ikangoja ijae tena. Nilifika kwa Dani saa saba kasorobo mchana. Ukijumlisha yote, mlango hadi mlango, saa tano kasoro dakika chache, na kati ya hizo dakika 38 tu ndizo za ndege.

Shangazi alikuwa anaanika omena. Aliniuliza nimetoka Nairobi saa ngapi, nikamwambia saa mbili asubuhi. "Saa mbili ya leo?" Nikasema ya leo. Akaita majirani wawili waje wasikie. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limewekwa saruji, na mtu alikuwa ameandika mwaka wa kuzaliwa kuwa 1930, pengine kwa sababu ni namba nzuri. Nilikaa pale hadi jua likapungua. Nilikuwa nimechapisha ile picha ya ndege ya majini huko Toi, kwa kijana wa saibaa, rangi imefifia. Nilimpa shangazi. Aliitazama muda mrefu, akasema alidhani ni hadithi.

Kazi ya kijitabu ilichukua siku mbili. Kurudi nilipanda basi la saa mbili usiku. Kericho kulikuwa na ukungu, Salgaa kulikuwa na lori. Mama mmoja kando yangu alikuwa na mfuko wa samaki na mtoto, akanipa mtoto nimshike alipolala, nikamshika hadi Naivasha. Tuliingia mjini saa kumi na moja alfajiri, nikatembea hadi stegi za Ngong Road, nikashuka Adams ikianza kupambazuka. Ndege ya kwanza ya Wilson ilipita nikiwa navuka barabara.